Kopo la Kumi na Moja

Tunu, mbunifu wa makopo ya soda, alimpa baba yake sampuli ya kumi na moja. Tangu kiharusi kimpindishe mdomo, mzee Shomari alikuwa akinywa ndani tu, na taulo shingoni.

Mzee alifuta kifuniko kwa pindo la shati, kama wafanyavyo watu wote mtaani. Kidole kikaingia kwenye kibonyeo, kishimo kidogo kilichokuwa kando ya tundu. Akakipapasa, akafungua kopo, akaligeuza kidogo, akaulaza humo mdomo uliolegea.

"Siyo hivyo, baba. Hapo ni pa kidole cha kufungulia."

Mzee akanywa. Tunu akasubiri tone lidondoke. Halikudondoka.

"Lete jingine, nikanywee barazani."

Akafungua taulo, kavu, akalitundika msumarini na kuchukua kofia iliyojaa vumbi.