Nani Aliyeigusa Kompyuta?

Kompyuta ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililomtia fundi wasiwasi.

"Shangazi," alisema, "hii haijaharibika yenyewe. Kuna mkono wa mtu hapa."

Mama Chapa alisimama nyuma ya kiti, mikono kifuani. Watu walimwita hivyo kwa sababu aliwachapia barua na maombi ya kazi hapo hapo sebuleni kwake. Tangu asubuhi kompyuta ilikuwa inanguruma, inawasha vitaa vyake, halafu kioo kinabaki cheusi chenye mstari mmoja mweupe: hakuna cha kuwashia. Kitu kina pumzi, kina taa, hakina ugonjwa, lakini hakiamki. Akamwita binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta, aje na flashi ya kuwekea mfumo mpya.

Kabla ya kufuta chochote, fundi alizima, akawasha, akabonyeza kitufe upesi upesi mpaka akaingia kwenye mipangilio ya ndani, kule ambako kompyuta huambiwa iamke kwa kitu gani. Akasoma. Akakunja uso.

"Shangazi, unajua Kifaransa?"

"Kifaransa nikipeleke wapi mimi?"

"Huku kote kumegeuzwa Kifaransa. Saa nayo imerudishwa nyuma miaka kumi na tisa. Na diski imeondolewa kwenye orodha. Kompyuta imeamriwa iamke kwa flashi tu. Isipoiona flashi, ndiyo hivi, inatukodolea macho."

"Sasa nani afanye hayo yote?"

"Mtu mjanja, tena sana. Anachomeka flashi yake, anafanya mambo yake, anachomoa. Kwenye diski haachi hata unyayo. Na lugha kaigeuza ili mwingine akiingia atoke kapa. Kwani humu mnaishi wangapi?"

Walikuwa wawili tu, Mama Chapa na mumewe, mwashi aliyepewa jina la Timazi kwa jinsi kuta zake zilivyonyooka. Walioana ukubwani, huu mwaka wa pili.

Mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake, moja juu ya jingine, kama matofali. Zile siku alizorudi kutoka sokoni akakuta mlango una komeo kwa ndani, kompyuta ina joto, kiti kimesogezwa, na mume anapiga miayo: "Nilikuwa nimejinyoosha kidogo." Ujumbe wa simu akimwandikia, hajibu hata mmoja, atapiga baadaye aulizie jambo jingine kabisa. Vile vikaratasi vitamu anavyomwekea mumewe chini ya chupa ya chai, tena kwa mwandiko wake mzuri, huvikuta mfukoni mwa shati siku ya kufua, vimekunjwa vizuri, na mume hajavitaja kwa neno moja. Hata gazeti halishiki. "Nisomee wewe, mke wangu, sauti yako inanipumzisha." Inampumzisha! Maneno ya mtu mwenye lake jambo.

"Nguo zangu nimeshafunga tangu Jumatatu," alisema. "Baba yako anangoja nimpigie tu, aje na gari anichukue."

"Shangazi jamani! Uache mume kwa sababu ya kompyuta?"

"Kwa sababu ya kompyuta? Kwa sababu ya huyo aliyemo ndani ya kompyuta!"

Fundi akataka kucheka, akaona uso wa shangazi yake, akakimeza kicheko.

"Kama flashi ipo, ipo humu humu," Mama Chapa alisema. "Leo kaenda kutazama kiwanja tu. Mfuko wa kazi kauacha."

Akauvuta mfuko kutoka nyuma ya mlango, akaumwaga sakafuni. Mwiko. Pimamaji. Kamba yenye chokaa. Na soksi moja nene iliyopigwa fundo. Ndani ya soksi mlikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko wa nailoni flashi nyekundu, ndogo kama kidole cha mtoto.

"Haya niambie," alisema, akiwa amepiga magoti katikati ya vifaa vya mumewe. "Kitu cha halali hufungwa hivi?"

Fundi aliigeuza flashi mkononi. "Shangazi, vingine ukishaviona, umeviona. Mimi naweza kuirekebisha mipangilio sasa hivi, kompyuta ikaamka, ukaendelea na kazi zako. Na hii ikarudi kwenye soksi."

"Chomeka."

"Una hakika?"

"Mwanangu, miezi mitatu silali. Chomeka."

Fundi akachomeka, akawasha. Safari hii kompyuta haikusita. Ilinguruma, ikatulia, kioo kikaanza kupata mwanga kidogo kidogo. Kabla picha haijatokea, spika mbili za mezani zikatoa sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka.

"Karibu tena, rafiki yangu. Nilikuwa nakungoja."

Mama Chapa alikaa chini, pale pale sakafuni. Akaitoa simu, akaanza kuitafuta namba ya kaka yake.

"Umemsikia?" alimuuliza fundi. "Umemsikia mwenyewe?"

"Usione haya," sauti iliendelea. "Hapa tuko wawili tu, na hakuna atakayekucheka. Sema pamoja nami, taratibu: ba, be, bi, bo, bu."