Kamba Mguuni mwa Nungunungu

Enzi hizo wanyama walipangishana mashimo kama sisi tunavyopangishana vyumba, na kodi waliikwepa kama sisi vilevile. Mama Nungunungu alikopa mahindi kwa Nyani, akashindwa kurudisha. Baraza likaamua alipe kidogo kidogo kila gulio, na mpaka amalize atembee na kamba ya mgomba mguuni. Kwa kamba hiyo, kila mwenye shimo alimkataa.

Masika yakabisha hodi, wanawe wakiwa nje. Akafika kwa mzee Mhanga, mchimbaji wa mashimo aliyebakiwa na shimo moja tu la kupangisha, mguu ameuficha chini ya miiba. Akamkuta Nguchiro, kijana wa maneno matamu, akiliomba shimo lile lile.

"Mzee, mimi sidaiwi na mtu," alijigamba Nguchiro. "Hebu mwambie huyo mama anyooshe mguu tuone!"

Hofu ilimshika Nungunungu, miiba ikasimama yenyewe, na kamba ikabaki peupe.

"Nadaiwa, baba," alisema. "Lakini hakuna gulio nililokosa kulipa."

Mhanga aliitazama kamba, kisha akamgeukia Nguchiro.

"Kijana, wote waliotoroka na kodi yangu walikuwa na miguu safi kama yako. Mama huyu anachungwa na baraza zima, atatorokea wapi? Ingiza watoto, mama, mvua hiyo!"

Nungunungu alishusha pumzi mpaka miiba ikalala.

"Ila nakuomba kitu kimoja," Mhanga alimnong'oneza. "Hilo deni la Nyani, usilimalize haraka."