Pete ya Mpira

Mdogo mtu alikuwa ameshakaza kofia ya plagi ya kebo, na ile pete nyeusi ya mpira ilikuwa bado mezani, karibu na kiwiko chake.

Dada mtu peke yake ndiye aliyeiona. Bila pete hiyo, mvua ya kwanza tu ingepenya ndani ya kebo, na mitambo ya kule mlimani, kebo ilikokuwa inapelekwa, ingezimika yote. Akafungua mdomo aseme.

"Umekuwa fundi kamili, binti," msimamizi wa karakana akamwambia mdogo mtu, akiigeuzageuza kebo dirishani.

Fundi kamili. Juzijuzi tu alikuwa anashika bisibisi kama mwiko. Wivu ukamwingia dada mtu, akafumba mdomo. Akatandaza kiganja chake cha kulia mezani, akaifunika pete.

"Kesho gari linapanda mlimani. Nikupeleke wewe ukaifunge kebo hii?" msimamizi akamwuliza mdogo mtu.

"Mpeleke dada," mdogo mtu akasema. "Yote haya kanifundisha yeye."

Msimamizi akacheka, akamgeukia dada mtu. "Basi hongera, mwalimu." Akamnyooshea mkono.

Mkono ule ukakaa hewani ukisubiri ule wa kulia uliofunika pete. Hongera haipokewi kwa mkono wa kushoto.