Sabufa Ukutani

Sabufa ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mezani kama mgeni wa heshima. Fundi ndiye aliyekuwa sakafuni, anatambaa kwa mikono na magoti, kichwa chini, anasikiliza.

Ndivyo alivyofanya kazi hii miaka yote. Unaiweka sabufa pale mwenye nyumba anapokaa, unafungulia wimbo mmoja wenye besi, kisha unakizunguka chumba kizima ukitambaa. Pale besi inaposikika safi, haivumi wala haififii, ndipo pake. Wateja walimcheka, wengine wakampiga picha kwa simu, lakini hakuna aliyewahi kumwita tena kulalamika. Mtaani walimpa jina la Sikio, naye akalipokea.

Mteja wa leo hakucheka. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni, macho kwenye saa ya ukutani.

“Hapa, bosi,” Sikio alisema, akagonga sakafu kando ya mguu wa kushoto wa meza. “Shubiri mbili kutoka kwenye meza, mbali na kona. Utaisikia mpaka kifuani, na jirani hatajua kama una redio.”

“Hapana. Iweke pale.” Mteja alionyesha ukuta ulio nyuma ya kompyuta iliyokuwa mezani. “Iguse ukuta.”

Sikio aliinuka, akajipangusa magoti. “Ikigusa ukuta, ukuta wenyewe unageuka spika. Wewe hapa utapata mvumo mtupu, na chumba cha pili hakitakalika. Kuna nani huko?”

“Binti yangu. Ana miaka saba.”

“Sasa, bosi?”

“Iguse ukuta, fundi.”

Sikio alikuwa msemaji, na kwa kawaida wateja aliwaweza. Alimweleza habari za kuiwekea godoro dogo chini. Akamweleza habari za kupunguza besi. Mteja alikuwa anatikisa kichwa tu.

“Basi vaa hedifoni,” Sikio alisema. “Sikiliza mpaka uchoke, na mtoto alale.”

“Hedifoni hazinisaidii.”

“Kwani unapenda muziki gani?”

“Wowote. Bora usinyamaze katikati.”

Ukaidi aliuzoea, lakini wa namna hii hakuwahi kuuona. Mtu hata muziki hana habari nao, anachotaka ni kishindo kimpige mtoto kichwani! Alitamani afunge mkoba wake aondoke. Lakini akiondoka, huyu ataisukuma mwenyewe kwa mguu, na mtoto atabaki na baba yuleyule. Alimwonea huruma mtoto ambaye hata sura yake hakuijua, na hakuona la kumfanyia.

“Mama yake anasemaje?” aliuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake ya mwisho.

“Hasemi kitu.” Mteja alitazama saa tena. “Tufanye haraka. Shule inatoka saa tisa.”

Sikio akaishusha sabufa kitini, akaisukuma chini ya meza mpaka ikagota ukutani. Aliunga nyaya zake kwa mikono mizito, kama mtu anayetumwa kufanya ubaya.

“Sasa nenda chumbani kwake,” mteja alisema. “Funga mlango, usogee pale kilipo kitanda, utege sikio. Mimi nitapaza sauti huku. Ukirudi uniambie umesikia nini.”

Kitanda cha mtoto kilikuwa kimebanwa kwenye ukuta uleule. Juu ya mto palikuwa na sweta ya kike, ya mtu mzima, imekunjwa vizuri. Sikio alitikisa kichwa. Kumbe na mke naye amehamia huku, amekimbia makelele ya mumewe, na sasa makelele yanamfuata mpaka kitandani. Fundi aliona aibu kwa kazi ya mikono yake.

Mara ukuta ukaanza kuvuma. Sikio alibandika sikio, mkono mmoja kwenye ubao wa kitanda, na ubao wenyewe ulikuwa unatetemeka. Alisubiri kuitwa. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Palikuwa na kishindo juu ya kishindo, basi. Kisha kukawa kimya.

Alirudi ameshaamua kusema ukweli, mteja akasirike asikasirike. Alimkuta amempa mgongo, ameinamia nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

“Umesikia nini?”

“Vishindo, bosi. Vishindo vitupu. Ungeita mpaka koo likauke, mtu wa kule hana habari.” Sikio aliinyoshea kidole sabufa. “Nimeifunga kwa sababu umenilazimisha, lakini roho yangu haitaki. Mwanao ataambulia dum-dum tu, na usingizi ataukosa. Mwonee huruma, ndugu yangu. Ni mtoto.”

“Hukunisikia hata kidogo?”

“Hata kidogo. Kwani uliniita mara ngapi?”

Mteja alishusha pumzi, akageuka.

“Sikukuita, fundi,” alisema. “Nilikuwa namlilia mama yake.”