Nati ya Gurudumu la Mbele

Filemon aliiona nati ndani ya beseni la vipuri, akaiokota, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

Aliijua. Angeitambua hata gizani. Ni yeye aliyeichonga kwa tupa, akaitoboa vitundu pembeni mpaka ikawa nyepesi kama kifungo cha shati. Nati ya ekseli ya mbele, ile inayolizuia gurudumu lisichomoke. Na pikipiki yenyewe ilikwishapakiwa kwenye pikapu tangu alfajiri, iko Mwika kwenye mbio, na wa kuipanda ni Stanley, mwanawe wa pekee wa kiume.

"Mungu wangu, nimemuua mtoto!"

Mkewe, Mektrida, akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Umemuua nani, Baba Doris?"

"Gurudumu la Stanley halina nati! Lete simu! Yangu haina chaji!"

Akampokonya kabla hajamaliza kuitoa. Simu ya Stanley imezimwa. Ya Doris, dada yake Stanley aliyekwenda kumsaidia kusukuma, inaita, inaita, haipokelewi. Nani atasikia simu katikati ya makelele yale?

Na yote haya ni kwa sababu ya wepesi. Katika mbio hizi za pikipiki za zamani, za kupanda mlima, kila chuma unachobeba bure kinakurudisha nyuma, na Filemon alishikwa na wazimu wa wepesi kama wenzake wanavyoshikwa na mbege, pombe ya ndizi. Alikuwa na pikipiki mbili, pacha, alizozinunua parokiani zikiwa chakavu, za enzi zile makatekista wakizunguka nazo vijijini. Moja ya mbio, moja ya kutolea vipuri. Ile ya mbio aliivua taa, madigadi, stendi. Kila chuma kilichokubali kutobolewa akakitoboa, kila kipande akakiweka kwenye mizani ya kahawa kuona kimepungua kiasi gani. Mektrida alifika mahali pa kuficha sufuria zake. Filemon alicheka sana siku ile. Leo hakuwa na cheko hata moja.

Akatoka barabarani. Hakuna bodaboda hata mmoja. Himo nzima imepanda kutazama mbio. Akarudi, akaikokota pikipiki ya pili kutoka bandani. Haikuwa na kiti cha maana, lakini injini yake ilikuwa bado nzima. Akapiga kiki, ikakataa. Akapiga tena, ikawaka. Akaondoka hivyohivyo, simu ya mkewe mfukoni, huku Mektrida amepiga magoti uani akimwita Bikira Maria kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani.

Kutoka Himo kwenda Mwika ni kupanda tu. Filemon akavuta mafuta mpaka mwisho. Aliogopa jamani, asikwambie mtu. Kila kona aliliona gurudumu likiruka peke yake migombani na mtoto akifuata. Mikono ilimtetemeka mpaka hendeli ikawa inacheza kushoto na kulia.

"Tulia, mzee, tulia," akajikaripia, akaishika kwa nguvu zaidi. Haikutulia. Akaona kweli leo hofu imemwingia mpaka kwenye mifupa.

Penye kamba ya watazamaji akaiegemeza pikipiki kwenye kibanda cha soda, akakimbia kwa miguu akisukuma watu. Vijana wakampa shikamoo, hakuitikia hata moja. Mbele akamwona Stanley, kofia ngumu kichwani, injini inanguruma, na mwenye bendera ameshainua mkono.

"Simamisha! Simamisha!"

Akajitupa chini mbele ya tairi, vumbi na yote, akapapasa ekseli kwa vidole.

Nati ipo. Nene, imekazwa, na waya wa kuizuia umepitishwa vizuri. Akaishika tena. Ipo! Filemon akakaa barabarani akalia kama mtoto, mbele ya watu wote, bila aibu.

Doris akamwinamia. "Baba, kuna nini? Unatutisha."

"Ni mama yako, mwanangu. Nimemwacha anamlilia Stanley kana kwamba ameshakufa, na simu yake ninayo mimi. Pikipiki iko pale kwenye kibanda. Shuka upesi ukamwambie mtoto ni mzima. Kimbiza, usije ukamkuta amezimia."

Doris hakungoja kuambiwa mara mbili. Kwa pikipiki anamshinda hata kaka yake. Akakaza kitenge kiunoni akapotea kwenye watu, na muda si mrefu mlio ukasikika ukiteremka kwa kasi.

Stanley akazima injini, akavua kofia. Kwa kelele zile hakuwa amesikia neno. "Baba, vipi tena? Watanitoa kwenye mbio!"

Filemon akafuta machozi kwa mkono wa shati. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka, akafungua kiganja. "Nimeikuta hii kwenye beseni, nikajua umekwisha."

Stanley akaitazama ile nati yenye vitundu, akaona haya. "Nisamehe, mzee. Uliipunguza mno, nikaogopa kuipanda. Sikutaka kukuvunja moyo, nikaibadilisha jana kimyakimya."

"Umefanya vizuri, mwanangu. Umefanya vizuri sana." Akamshika bega. "Na hiyo nzima umeipata wapi?"

"Si nimeifungua kwenye ile ya pili," Stanley akasema. "Ile haipandwi na mtu."