Jozi ya Zamani

Mwanahawa alikuwa akifuta ncha ya waya wa mwanga unaobeba mtandao. Mezani palikuwa na moduli mbili mpya, vifaa vya kurushia mwanga kwenye waya: ya masafa mafupi, ambayo mwanga wake ungefia njiani, na ya masafa marefu, yenye kufika hadi hospitali ya mlimani. Akachukua ya pili.

"Shemeji, chomoa basi ile ya zamani," Shaibu alisema kwenye simu kutoka mlimani. "Kesho mchana madaktari wanataka mtandao wa kasi."

Jozi ya zamani, moduli moja kila upande, aliifunga na marehemu mumewe, yeye huku, mume kule mlimani. Taa za moduli zilipowaka kuonyesha mwanga umefika, mume alimpigia: "Nimekuona, mama watoto."

Sasa kidole cha Mwanahawa kilikaa juu ya kishikizo cha moduli ya zamani.

"Tuchomoe asubuhi, Shaibu."

Shaibu alikohoa. "Hata mimi ya kaka sijaigusa."

Taa ya kijani ya moduli ya zamani iliendelea kumetameta.