Taa Inapolia

Siku hizi ndama hanywi dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, mpaka amulikwe kwa taa ionyeshayo mifupa. Kiumbe yeyote atakayeonekana ana mfupa wa kale, ule ambao uzao wake uliuacha zama za zama, ni mali ya taifa. Ndivyo sheria isemavyo.

Nkwimba, mjane mkazi wa Bariadi, alipommulika ndama wake zizini, taa ikalia mlio wa shangwe: ndani ya ukwato mlikuwa na mifupa ya vidole vitano!

"Jamani, babu yao ng'ombe karudi!" alipaza sauti.

Majirani walijazana nje ya zizi kwa vigelegele. Kesho gari la serikali lingekuja kumchukua ndama, na Nkwimba angechimbiwa kisima mlangoni pake. Nani asingefurahi?

"Na mimi unimulike, Bibi!" mjukuu wake Holo alimvuta kanga.

Nkwimba akacheka, akamgeuzia taa. Shingoni mwa mtoto, mahali pasipo na mbavu, palikuwa na ubavu mmoja mwembamba kama mwiba wa samaki.

Taa ikalia mlio uleule.

"Wa pili huyo!" majirani wakashangilia kule nje. "Hongera, Mama!"